Barua ya wazi kwa Makatibu Wakuu wa Mtumba: tunaomba kuziona mita zenu

Kwa Makatibu Wakuu wa wizara zote zilizopo Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Ofisi ya Waziri Mkuu, Wakala wa Majengo Tanzania, na kila mtumishi anayepita geti lile asubuhi.

YAH: KUPUNGUZA MZIGO WA OFISI ZA MTUMBA KWA MAJI, UMEME NA HEWA YA DODOMA

Ndugu Makatibu Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 1979 Serikali iliwaambia wananchi wa Kondoa waondoe mifugo yao kwenye ardhi iliyokuwa imeliwa na makorongo. Mifugo iliyohamishwa ilikuwa makumi ya maelfu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Eneo hilo lilikuwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tunaouita HADO, ulioanza mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kwa mfugaji, ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni maziwa ya mtoto. Wakaondoa. Miti na nyasi zikarudi, na hadi leo watu husafiri kwenda Kondoa kuona namna ardhi inavyoweza kupona.

Tarehe 1 Juni 2019 tukaambiwa mifuko ya plastiki basi, na mama muuza nyanya akaibadilisha biashara yake siku hiyohiyo. Kisha ikaja zamu ya shule, magereza na taasisi zote zinazopikia watu zaidi ya 100: zikapewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Kila mara aliyeguswa kwanza alikuwa mwananchi au taasisi ya ngazi ya chini, na mara nyingi alitii kabla hata hajajua gharama yake italipwa na nani.

Ninachoomba katika barua hii ni kwamba sasa iwe zamu ya ofisi zenu.

Mimi ni fundi wa umeme na viyoyozi. Sehemu kubwa ya umri wangu imepita kwenye majengo ya ofisi, kwanza Dar es Salaam na sasa hapa Dodoma, juu ya mapaa, ndani ya dari, mbele ya bodi za umeme. Najua jengo la ofisi linakula nini na linakula saa ngapi. Na niseme wazi kwamba najivunia Mtumba. Tangu Rais John Magufuli auzindue Mji wa Serikali Aprili 2019, zile ofisi ndogo za mwanzo zimefuatiwa na maghorofa, na lami imetandazwa makumi ya kilomita mahali palipokuwa vichaka vya miiba. Ndoto ya 1973 imekuwa kitu ambacho mtu anaweza kukigusa. Lakini jengo likishasimama linaanza maisha yake ya kula, na maisha hayo ni miaka hamsini au zaidi. Mnachokizoea katika miaka hii ya mwanzo ndicho wajukuu zetu watakachokilipia.

Ombi langu kubwa ni moja, na mengine yote yananing'inia hapo. Kila wizara ipime maji, umeme na mafuta inayotumia, igawanye kwa idadi ya watumishi wake na kwa ukubwa wa jengo lake, kisha itangaze takwimu hizo kila robo mwaka mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuzisoma.

Naanza na kupima kwa sababu ya nilichokiona kazini. Katika majengo mengi ya ofisi niliyofanyia kazi kuna mita moja kubwa chini, kwenye chumba kilichofungwa kufuli. Ankara inakwenda kwa mhasibu, mhasibu anaiandikia hati ya malipo, inalipwa, imekwisha. Aliyeacha kiyoyozi kikiunguruma kwenye ukumbi mtupu haioni ankara hiyo. Mkuu wa idara haioni. Hakuna anayeweza kusema ghorofa ya nne inatumia mara mbili ya ghorofa ya tano, wala kuuliza kwa nini. Mita ndogo kwa kila ghorofa ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua kazi yake, na ukiilinganisha na gharama ya jengo zima ni fedha kidogo mno. Nimeona jengo ambalo mita hizo zilipowekwa, kitu cha kwanza kugundulika kilikuwa pampu ya maji iliyokuwa ikizunguka usiku kucha kwa sababu ya boya lililokwama kwenye tangi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na aliyekuwa akitazama.

Ninyi ni Maafisa Masuuli. Shilingi ikipotea wizarani, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anawauliza. Maji na umeme vikipotea, nani anawauliza? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inaweka utaratibu wa ukaguzi wa mazingira baada ya mradi kuanza kazi. Mwenye kiwanda anaijua sheria hiyo vizuri, maana inamfikia mlangoni. Natamani imfikie na mwenye ofisi, tena anayeanzia ndani ya Serikali.

Nianze na maji, maana hapa Dodoma kila kitu huanzia hapo. Mvua yetu ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Kwa miongo mingi jiji hili limekunywa maji ya visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Bonde lile lina historia ambayo kila anayefungua bomba Dodoma angepaswa kuijua. Kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa ndefu kabisa za maji ya ardhini katika ukanda wa joto wa Afrika. Wanasayansi walizichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Waliona kwamba mvua za kawaida za kila mwaka haziijazi hazina ile. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ya El Niño ya 1997/98, na katikati ya misimu hiyo maji hushuka mwaka hadi mwaka.

Fikirini maana yake. Maji yanayovutwa leo kwenye visima vile huenda yalinyesha wakati baadhi ya maofisa wenu vijana hawajazaliwa, na mvua itakayoyarudisha haina tarehe.

Sasa kuna maeneo ya ofisi za umma jijini, na sisemi Mtumba peke yake, ambako maji ya namna hiyo yanamwagwa kwenye nyasi laini saa sita mchana wa Septemba, jua likiwa utosini. Mengi yanarudi hewani kabla hayajafika kwenye mzizi. Wakati huohuo kuna mitaa jirani ambayo maji hutoka kwa zamu, na akina mama wanaamka alfajiri kusikiliza kama bomba limeanza kupuliza upepo. Nyasi zile hazikai Dodoma kwa asili yake. Ardhi hii ina mikwaju, migunga na mibuyu, miti inayojua kusubiri mvua. Kivuli cha mkwaju mmoja uliokomaa kinafaa kuliko uwanja mzima wa nyasi ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzikanyaga.

Halafu kuna paa. Paa lenye mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 550,000 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya yanayopotea, zinabaki lita 440,000 za maji yasiyohitaji pampu ya kilomita nyingi. Najua swali litakalofuata: tangi la kuyahifadhi yote hayo litakaa wapi? Halihitajiki la yote. Maji ya Januari yanaweza kutumika Januari, vyooni na kwenye usafi, kisima cha Mzakwe kikapumzika miezi hiyo minne. Tangi la zege chini ya maegesho likabeba kiasi cha kuwafikisha watu katikati ya kiangazi. Kwa majengo ambayo bado yako mikononi mwa wakandarasi, hili linaweza kuingia kwenye michoro leo. Kwa yaliyokamilika, mabomba ya paa yapo tayari. Kinachokosekana ni mahali pa kuyapeleka maji zaidi ya mfereji wa barabarani.

Na mfereji wenyewe ni suala. Kila mita ya lami na ya vitofali vya saruji ni mita ambayo mvua haiingii ardhini. Dodoma mvua huja kwa kishindo, saa moja ikamwaga ya wiki nzima, kisha kimya. Maji hayo yakikusanywa na mifereji na kutupwa chini ya mteremko, yanachimba makorongo kwa jirani, kama yaleyale yaliyofanya mifugo ihamishwe Kondoa. Yakielekezwa kwenye mashimo ya kunyonya na kwenye mabonde madogo yaliyopandwa miti, yanazama. Wahandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na wa Bodi ya Maji ya Bonde wanaijua kazi hii. Wanachohitaji ni kuagizwa.

Nije kwenye kazi yangu, viyoyozi.

Dar es Salaam ina joto na unyevu mwaka mzima. Hata usiku wa manane hewa ni nzito, na ofisi isiyo na kiyoyozi ni adhabu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi hewa ni kavu, upepo wa kusi hauna mchezo, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Joto la kweli ni la Oktoba na Novemba, kabla mvua haijafika, na hata hilo ni la mchana. Kwa hiyo tulipohamisha ofisi kutoka Dar tulihamisha pia viyoyozi vya Dar, na mazoea ya Dar, tukavileta mahali ambapo sehemu kubwa ya mwaka dirisha lililofunguliwa upande sahihi lingetosha.

Wagogo walilijua hili zamani. Tembe lao lina kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa udongo. Mchana wa Novemba unaingia ndani na kukuta ubaridi ambao ukuta uliuhifadhi tangu usiku. Sisemi wizara ijengwe kwa udongo. Nasema kanuni ni ileile: ukuta mzito, dirisha lenye kivuli, na hewa ya usiku iliyoachwa ipite. Harare walijenga jengo kubwa la Eastgate, lililokamilika 1996, ambalo mbunifu wake Mick Pearce alijifunza kutokana na vichuguu vya mchwa. Halina viyoyozi vya kawaida. Usiku linavuta hewa baridi, mchana linaitumia. Vichuguu ni kitu ambacho njia ya kwenda Mtumba haina upungufu nacho. Na jirani zetu Nairobi, kwenye eneo la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, tangu 2011 kuna ofisi za watumishi wapatao 1,200 zilizofunikwa mita za mraba 6,000 za paneli za jua na zinazopoa kwa hewa ya kawaida. Nairobi ina ubaridi kuliko Dodoma, nakubali. Lakini jua letu linawashinda.

Majengo ya vioo yaliyoelekezwa magharibi yameshajengwa, na siombi yabomolewe. Yanaweza kuwekewa vivuli vya nje juu ya madirisha, maana jua lililozuiwa nje ya kioo ni jua ambalo kiyoyozi hakitalipigania ndani. Pazia la ndani halitoshi. Joto likishavuka kioo limeshaingia. Yanaweza kupandiwa miti upande wa jua la alasiri. Na viyoyozi vyote vinaweza kuwekwa nyuzi 24 au 25 kwa waraka mmoja usiogharimu hata senti. Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, niliitwa kwa madai kwamba kiyoyozi hakipozi. Kilikuwa kimewekwa nyuzi 16, mlango wa korido ukiwa umeegeshwa kwa kiti, na mtumishi aliyekaa chini yake alikuwa amevaa sweta. Kiyoyozi kilikuwa kizima kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani na linaniuma kama fundi. Gesi iliyomo ndani ya viyoyozi vingi tunavyofunga, ile ya R-410A, ikitoroka kilo moja tu, inaipasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. R-22 ya zamani nayo ni karibu 1,800, na zaidi ya hayo inatoboa tabaka la ozoni. Kila "kujaza gesi" kunakofanywa bila kutafuta mahali inapovuja ni kuifungulia tena. Mikataba ya matengenezo mnayosaini ingeweza kutaka vitu vitatu: fundi awe na mashine ya kunyonya gesi badala ya kuiachia hewani, aandike kilo alizotoa na alizoweka, na kiyoyozi kipya kinachonunuliwa kiwe cha gesi yenye madhara madogo, kama R-32, ambayo iko sokoni tayari. Mnunuzi akilitaka kwenye zabuni, soko litafuata. Serikali ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini.

Saa za kazi za Serikali ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Hizo ndizo saa za jua. Nyumbani mtu akifunga paneli anahitaji betri, maana anarudi jioni. Ofisi yenu inafunguliwa jua linapopanda na kufungwa linapoanza kulegea. Kilowati moja ya paneli hapa Dodoma hutoa zaidi ya uniti 1,500 kwa mwaka. Paneli za kilowati 100, ambazo zinaenea kwenye mita za mraba 1,000 na nafasi ya mafundi kupita ikabaki, ni zaidi ya uniti 150,000. Maghorofa yana mapaa membamba, ni kweli, lakini maegesho yenu ni mapana. Jengeni vibanda vya kivuli juu ya magari, muezeke kwa paneli. Gari halitachemka, na umeme utashuka kwa waya mfupi hadi ofisini.

Kuna atakayesema sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, umeme wa maji usio na moshi, ya nini kubana? Nalipenda bwawa lile. Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliumiza mafundi kuliko watu wengi. Lakini maji ya Rufiji nayo hutegemea mvua, mitambo ya gesi bado inafanya kazi, na umeme husafiri mamia ya kilomita hadi kutufikia, ukipungua njiani. Na uniti ambayo haikupotea Mtumba inaweza kumpikia mtu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Umeme wa majiko hayo lazima utoke mahali. Umeme ukikatika, jenereta inawaka, na kila lita ya dizeli inayoungua humo inatoa kilo 2.7 za hewa ya ukaa, chini ya dirisha la mtu.

Kwenye suala la kupika, naomba mtazame nje ya uzio. Watumishi wengi wanakula kwa mama lishe, na mama lishe wengi wanapika kwa mkaa. Mkaa huo ni msitu uliokatwa mahali fulani, na sehemu ya ukataji huo ni chakula cha mchana cha Serikali. Msiwafukuze, tafadhali. Wapeni eneo lenye kivuli, maji na umeme, na wasaidieni kupata majiko ya gesi au ya umeme kwa mkopo wanaoweza kuulipa. Mama anayelisha mamia ya watu kwa siku kwa pamoja na wenzake ni taasisi, hata kama hana ubao wa jina.

Magari sasa. Mtumba iko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, na asubuhi barabara ya Dar es Salaam inajaa magari yenye dereva na mtu mmoja kiti cha nyuma. Mabasi ya watumishi yaongezwe, yapangwe kwa mitaa, yaondoke kwa saa inayojulikana, na yawe mazuri kiasi kwamba mkurugenzi haoni aibu kuyapanda. Kwa safari za Dar hakuna tena udhuru. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na inafika kwa saa nne au chini ya hapo. Shangingi moja kwenda Dar na kurudi linakula takriban lita 120 za dizeli, zaidi ya kilo 300 za hewa ya ukaa, na tumezoea kuona bosi akipanda ndege huku gari lake likitangulia tupu kumpokea. Waraka uwe mfupi: safari ya kikazi kwenda Dar ni kwa treni, anayetaka gari aandike sababu, na sababu hiyo ihifadhiwe kwenye jalada. Mkutano unaoweza kufanyika kwa njia ya mtandao ufanyike hivyo. Mfumo wa ofisi mtandao tunao, na karatasi zimepungua kweli. Hapo nawapongeza, sina la kuongeza.

Vitu vidogo navipitia haraka. Chupa ndogo za maji kwenye kila mkutano, nusu zikiwa zimenywewa robo, zibadilishwe kwa jagi na glasi. Kompyuta na mashine chakavu zilizorundikana stoo zikisubiri kibali cha kufutwa zipate utaratibu wa haraka, na zipelekwe kwa wenye leseni ya taka za kielektroniki kabla betri zake hazijaanza kuvuja. Magari mabovu yaliyopaki uani miaka nayo yanadondosha oili. Na ofisi zile za awali za 2019, wizara zikishahamia kwenye maghorofa, zipewe kazi nyingine. Saruji yake imeshachomwa, moshi wake umeshakwenda. Kuzivunja ili kujenga upya kungekuwa kuulipa moshi huo mara mbili.

Kuhusu miti nina neno zaidi kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi inayopigwa picha nyingi. Kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani ilizinduliwa 2017 na Rais wetu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, na miche mingi imepandwa tangu hapo. Mche ukipandwa Desemba una miezi mitatu au minne ya mvua ya kuotesha mizizi. Ukipandwa Aprili, kwa ajili ya hafla, una wiki chache, kisha unaachwa na kiangazi na mbuzi. Naomba taarifa zenu ziache kuhesabu miche iliyopandwa. Zihesabu miti iliyo hai baada ya miaka miwili, na kila mti uwe na mtu: mtunza bustani anayelipwa kwa ajili hiyo, mwenye maji ya sinki za kunawia yaliyoelekezwa kwenye shina. Maji ya kunawa mikono hayana sababu ya kwenda kuchanganyika na ya chooni wakati kuna mkwaju unakauka mita kumi kutoka hapo.

Nimetaja fedha kidogo kwa makusudi. Mengi niliyoomba ni maagizo: nyuzi za kiyoyozi, saa ya kumwagilia, treni badala ya gari, mkataba wa fundi ulioandikwa vizuri. Yanayohitaji bajeti, yaani mita, matangi, paneli na vivuli vya madirisha, yanaweza kuanza na majengo mawili, mkapima, mkaona. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi yake huanza miezi mingi kabla. Kifungu cha mita kikiingia kwenye bajeti ijayo, kufikia Oktoba takwimu za robo ya kwanza zitakuwepo.

Zikiwepo, nitaomba zibandikwe mahali pawili: kwenye tovuti ya wizara, na kwenye ubao wa matangazo pale mapokezi, ambapo mwananchi aliyefuata huduma anakaa kusubiri. Uniti ngapi, lita ngapi za maji, lita ngapi za dizeli, kwa watumishi wangapi. Mkihitaji fundi wa kufunga mita ya kwanza na kumwonyesha mtumishi wenu namna ya kuisoma, nitakuja bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa umeme na viyoyozi,
Dodoma